Swali la Msingi na Swali la Nyongeza: Wabunge, Mawaziri na Takwimu Rasmi katika Historia ya Karagwe na Kyerwa

1. Utangulizi

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Methali hiyo kwa kawaida hutumiwa kumtia moyo mwanafunzi anayeona haya kunyoosha mkono darasani. Ndani ya Bunge, hata hivyo, methali hiyo hupata maana nyingine. Mbunge anayemwuliza Waziri idadi ya zahanati zisizo na mganga katika jimbo lake, mara nyingi anaijua hali ya jimbo hilo kuliko anayejibu. Haulizi kwa sababu hajui. Anauliza ili Serikali itamke jambo mbele ya Spika, na mbele ya waandishi wa Hansadi, kwa namna ambayo baadaye haitaweza kulikana.

Mhadhara huu unalichunguza swali la Bunge kama utanzu wa matini ya Kiswahili wenye historia yake, kanuni zake na mitego yake. Eneo lililoteuliwa ni wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera. Uteuzi huo una sababu tatu. Kwanza, eneo hili liko mpakani, likipakana na Rwanda na Uganda, na mpaka huwa adui wa kila hesabu. Pili, hadi mwaka 2012 wilaya hizo mbili zilikuwa moja, na kugawanywa kwake kunaonyesha vizuri jinsi takwimu sahihi inavyoweza kumpotosha msomaji asiyeuliza. Tatu, uchumi wake umetegemea kahawa, zao ambalo Serikali imelihesabu kwa bidii na ambalo limekwepa kuhesabiwa kwa bidii hiyo hiyo.

Hoja kuu ya mhadhara ni kwamba takwimu rasmi hujibu lile tu lililoulizwa, na kwamba umbo la kisarufi la swali huchangia sana kuamua kama Waziri atajibu kwa idadi au kwa ahadi. Kwa hiyo suala la wabunge kuwahoji mawaziri si la wanasiasa na wanasheria peke yao. Ni suala la lugha pia.

2. Waliohesabiwa kabla ya kuuliza

Karagwe ilikuwa dola kabla ya kuwa wilaya. Katika karne ya 19, makao ya watawala wake yalikuwa Bweranyange, na karibu na hapo, mahali paitwapo Kafuro, wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliweka kituo cha biashara. Kwa njia ya misafara hiyo, Kiswahili kilisikika Karagwe miongo kadhaa kabla ya bendera ya Mjerumani. Wazungu John Hanning Speke na James Augustus Grant walipofika kwa Mukama Rumanyika mwezi Novemba 1861, mazungumzo yao na wenyeji yalipitia kwa wakalimani wa msafara waliojua Kiswahili, akiwemo Sidi Mubarak Bombay.

Jambo moja katika ziara hiyo linahusiana moja kwa moja na mada hii. Rumanyika alikuwa mdadisi, na alimwuliza mgeni wake mengi juu ya ulimwengu wa mbali. Mgeni naye alitoa kamba ya kupimia. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1863, Speke alieleza jinsi alivyompima mmoja wa wake wa jamaa ya mfalme, mkono, kifua na paja, kwa kuwa unene wake ulimshangaza. Hizo ni miongoni mwa tarakimu za mwanzo kabisa zilizochapishwa kuhusu watu wa Karagwe. Aliyepimwa hakuulizwa vipimo hivyo ni vya nini, wala hakupata nafasi ya kuuliza.

Uhusiano wa namna hiyo kati ya anayehesabu na anayehesabiwa uliendelea chini ya ukoloni. Kodi ya nyumba, iliyoanza kutozwa na Wajerumani mwaka 1898, ilihitaji hesabu ya nyumba. Waingereza waliendesha hesabu za watu mara kadhaa, zikiwemo za mwaka 1948 na 1957. Tarakimu zilipanda kutoka kijijini hadi bomani, na kutoka bomani hadi Dar es Salaam. Hazikushuka. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianzishwa mwaka 1926, lakini lilikaa miaka 19 bila mjumbe hata mmoja Mwafrika. Wawili wa kwanza, Chifu Kidaha Makwaia na Chifu Abdiel Shangali, waliingia mwaka 1945, na lugha ya Baraza ilikuwa Kiingereza. Mkulima wa Karagwe aliyekatwa kodi hakuwa na chombo cha kumwuliza mkusanyaji hesabu yake, na kama angekuwa nacho, asingekuwa na lugha ya kukitumia.

Desturi yenyewe ya kuhoji Serikali kwa swali rasmi si ya kale sana hata huko ilikotoka. Swali la kwanza lililorekodiwa katika Bunge la Uingereza liliulizwa mwaka 1721 katika Baraza la Mabwana, wakati wa kashfa ya Kampuni ya Bahari ya Kusini. Inafaa kukumbuka kwamba lilizaliwa katika mazingira ya hesabu za fedha zilizokuwa zimevurugwa na mweka hazina aliyekuwa ametoroka. Tangu mwanzo, swali la Bunge na shaka juu ya hesabu vilikuwa ndugu.

3. Kiswahili kilivyolipa Bunge sauti

Tarehe 10 Desemba 1962, siku iliyofuata kutangazwa kwa Jamhuri, Rais Julius Nyerere alilihutubia Bunge kwa Kiswahili. Mwaka 1967 Serikali ilitangaza Kiswahili kuwa lugha ya shughuli zake, na mwaka huo huo likaundwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Kazi ya msamiati ikawa kubwa: ilibidi Bunge lizungumzie bajeti, sera, miswada na takwimu kwa maneno yatakayoeleweka Kyerwa na Kilwa.

Maneno yaliyotumika yana historia inayofundisha. Neno *waziri* limetoka katika Kiarabu, na wanaisimu wa lugha hiyo hulihusisha na mzizi wenye maana ya kubeba mzigo. Waziri basi ni mbeba mzigo, na ndiyo sababu huulizwa. Neno *takwimu*, nalo la asili ya Kiarabu, lilipatikana katika kamusi za zamani za Kiswahili kwa maana ya kalenda, yaani hesabu ya siku. Baadaye likapewa maana ya hesabu za mambo ya umma. Mabadiliko hayo yanafaa, kwa sababu takwimu isiyo na tarehe haina maana. Anayesema kuwa wilaya ina visima kadhaa bila kusema vilihesabiwa lini, ametaja tarakimu, lakini hajatoa takwimu.

Kiswahili hakikuchukua kutoka pwani na Uarabuni peke yake. Neno *ngeli*, ambalo kila mwanafunzi wa sarufi ya Kiswahili hulitumia, hutajwa kuwa limetoka Kihaya, lugha iliyo jirani na jamaa ya karibu ya Kinyambo kinachosemwa Karagwe na Kyerwa. Maana yake ya asili ni aina au namna. Kwa hakika neno hilo linaingia katika kiini cha mjadala huu, maana kuhesabu hakuwezekani kabla ya kupanga vitu katika ngeli. Ni lazima iamuliwe kwanza nani ni mwananchi na nani ni mgeni, kipi ni kisima na kipi ni shimo, ndipo hesabu ianze. Anayeamua ngeli ameamua nusu ya jibu.

4. Umbo la swali na umbo la jibu

Ibara ya 63 ya Katiba ya mwaka 1977 inalipa Bunge mamlaka ya kuisimamia na kuishauri Serikali, na njia ya kwanza inayotajwa ni kumwuliza Waziri swali kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Kanuni za Bunge zimeligeuza fungu hilo kuwa utaratibu. Mbunge hulipeleka swali lake kwa maandishi. Hupewa namba na kuchapishwa katika Orodha ya Shughuli. Siku yake ikifika, mwuliza swali husimama na kuomba, kwa niaba ya wananchi wa jimbo lake, swali hilo lipatiwe majibu. Naibu Waziri hujibu kwa niaba ya Waziri, akilifuata swali sehemu kwa sehemu, na kutumia kiungo kisichobadilika: *kama ifuatavyo*. Hilo ndilo swali la msingi.

Baada ya hapo huja maswali ya nyongeza. Hapa mwuliza swali hushukuru kwanza, mara nyingi kwa "majibu mazuri" ambayo hayakumridhisha, kisha huomba kuuliza maswali mawili "madogo". Msikilizaji mgeni anaweza kudhani udogo huo ni wa kweli. Mzawa wa lugha anajua kwamba ni adabu. Swali la msingi limeandikwa, na jibu lake limeandikwa na wataalamu wizarani. Swali la nyongeza halina jibu lililoandikwa. Ndilo linaloipima tarakimu iliyosomwa dakika moja kabla. Tangu mwaka 2008, wakati wa Spika Samuel Sitta, utaratibu huo wa ana kwa ana ulipanuliwa kwa maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu kila Alhamisi.

Ndani ya utaratibu huu kuna maumbo mawili makuu ya swali. La kwanza hujengwa kwa viulizi vya idadi, wakati na sababu: *ngapi, kiasi gani, lini, kwa nini*. La pili hujengwa kwa fungu lililozoeleka mno: *Je, Serikali ina mpango gani wa...* Umbo la pili lina heshima, na linafungua mlango wa kuomba. Lakini kisarufi linauliza juu ya mpango, na mpango ni jambo ambalo halijatokea. Waziri hawezi kulaumiwa akijibu kwa wakati ujao, kwa maana ameulizwa juu ya wakati ujao.

Barabara zinatoa mfano ulio wazi. Barabara ya Kyaka hadi Bugene, yenye urefu wa kilometa 59.1, ilijengwa kwa lami katika miaka ya 2010, baada ya kusubiriwa muda mrefu na watu wa Karagwe. Kwa upande wa Kyerwa, barabara ya Omugakorongo, Kigarama hadi Murongo mpakani mwa Uganda imetajwa Bungeni mara nyingi. Majibu ya maswali ya namna hiyo kwa nchi nzima yana msamiati wake: *upembuzi yakinifu, usanifu wa kina, zabuni, kadiri ya upatikanaji wa fedha*. Maneno haya yana maana halisi ya kitaalamu na si hila. Tatizo ni kwamba kila moja linaeleza hatua bila kueleza umbali uliobaki.

Vivyo hivyo kwa vitenzi vya fedha. *Kutenga*, *kutoa* na *kutumia* ni vitenzi vitatu tofauti. Fedha zilizotengwa ni zile zilizopitishwa katika bajeti. Zilizotolewa ni zile zilizofika. Zilizotumika ni zile zilizogeuka kuwa kifusi na lami. Jibu linalosema kuwa Serikali imetenga kiasi fulani ni la kweli hata kama hakuna shilingi iliyofika Karagwe. Mbunge mwenye sikio la lugha atauliza nyongeza kwa kubadili kitenzi kimoja tu.

Maji yanaonyesha jambo hilo kwa undani zaidi. Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kigezo cha huduma vijijini: kituo cha kuchotea maji kiwe ndani ya mita 400 kutoka makazi, kihudumie watu 250, na kila mtu apate angalau lita 25 kwa siku. Ni kigezo kizuri, lakini mtu anaweza kukitumia kwa njia mbili. Anaweza kwenda kijijini na kuwahesabu watu wanaochota, au anaweza kuhesabu vituo vilivyojengwa na kuzidisha kwa 250. Njia ya pili huleta asilimia ya kupendeza hata pale ambapo bomba limekauka. Aidha, mita 400 juu ya ramani si mita 400 katika miteremko ya Karagwe, kwa mtu anayepanda kilima na ndoo kichwani. Ili kuitoa tofauti hiyo hadharani, haitoshi kuuliza kama Serikali ina mpango gani wa kumaliza tatizo la maji. Yafaa kuuliza, kwa mfano, ni vituo vingapi vilikuwa vikitoa maji tarehe 30 Juni, na nani alivikagua.

5. Wilaya moja, wilaya mbili: somo la sensa

Sensa ya mwaka 2002 ilionyesha kwamba Wilaya ya Karagwe ilikuwa na watu 425,476. Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba Wilaya ya Karagwe ilikuwa na watu 332,020. Msomaji asiyeuliza ataona upungufu wa watu 93,456, na anaweza kuanza kutafuta njaa, maradhi au uhamaji mkubwa uliowaondoa.

Hakuna aliyeondoka. Mwaka 2012 sehemu ya wilaya hiyo ilikuwa imekatwa na kuwa Wilaya ya Kyerwa, ambayo sensa iliihesabia watu 321,026. Jina *Karagwe* lilibaki lile lile huku maana yake ikipungua. Mwanaisimu angesema neno limefinyika maana, na takwimu ikalifuata neno. Kwa kuwa jimbo la uchaguzi la Kyerwa lilikuwapo kabla ya wilaya kuzaliwa, Bunge lilikwisha kuzoea kuyasikia majina hayo mawili kando kando, jambo linaloongeza uwezekano wa kuzichanganya takwimu za jimbo na zile za wilaya.

Zikijumlishwa, wilaya hizo mbili zilikuwa na watu 653,046 mwaka 2012. Kumbe eneo lile lile lilikuwa limeongezeka kwa watu 227,570 katika miaka kumi, yaani zaidi ya nusu ya idadi ya mwanzo. Katika kipindi hicho hicho Tanzania iliongezeka kutoka watu milioni 34.4 hadi milioni 44.9, ambayo ni takriban theluthi moja pungufu kidogo. Wilaya jirani ya Ngara, iliyokuwa imepokea wakimbizi wengi katika miaka ya 1990, ilishuka kutoka watu 334,939 hadi 320,056.

Hapa takwimu imefanya kazi yake iliyo bora kabisa: imezaa swali. Kwa nini Karagwe na Kyerwa ziliongezeka kwa kasi inayozidi sana ile ya taifa? Je, ni uzazi, ni wahamiaji kutoka wilaya nyingine waliofuata ardhi, ni watu waliovuka mpaka, au ni sensa ya awali iliyowaacha baadhi ya watu? Kila jibu lina sera yake. La kwanza ni la Wizara ya Afya, la pili ni la Ardhi, la tatu ni la Mambo ya Ndani, la nne ni la Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Tarakimu moja inaweza kuwasimamisha mawaziri wanne, na kila mmoja akaelekeza kidole kwa mwenzake, iwapo swali halikupangwa vizuri.

6. Kahawa inayohesabika na isiyohesabika

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo ya wafanyabiashara inaieleza historia ya kahawa ya Kagera vizuri kuliko taarifa nyingi. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na mwaka 1990 Karagwe ikapata chama kikuu chake, KDCU. Daftari la ushirika ndilo chanzo cha takwimu za kahawa. Kilo iliyopimwa katika chama cha msingi imezaliwa kitakwimu, na kilo isiyopimwa hapo haipo.

Lakini kilo hiyo ipo. Mto Kagera hauzuii gunia usiku. Kahawa ya Kyerwa inayovuka kwenda Uganda kwa sababu ya bei hupungua katika takwimu za Tanzania na kuongezeka katika takwimu za jirani, bila mkahawa hata mmoja kung'olewa. Kuna pia *butura*, desturi ya mkulima mwenye shida kuuza kahawa yake ingali maua au mbichi mtini, kwa bei ya chini sana. Daftari litaonyesha jina la aliyeleta gunia. Halitaonyesha jina la aliyelima. Hivyo takwimu ya wastani wa mapato ya mkulima inaweza kuwa imehesabu mapato ya mlanguzi.

Mwaka 2018 Serikali iliagiza kahawa iuzwe kupitia ushirika, kwa nia ya kuziba mianya hiyo. Agizo la namna hiyo huleta tatizo la usomaji ambalo wabunge hawana budi kuliona. Kilo zikiongezeka katika daftari mwaka unaofuata, je, wakulima wamezalisha zaidi, au kilo zile zile zimebadilisha njia? Takwimu moja inaweza kutumiwa na Waziri wa Kilimo kuonyesha mafanikio ya uzalishaji, na Waziri wa Mambo ya Ndani kuonyesha mafanikio ya ulinzi wa mpaka. Haiwezi kuwa uthibitisho kamili wa yote mawili.

Historia ya kahawa inafunua pia jambo la kikatiba. Sir George Kahama aliongoza ushirika wa Bukoba katika miaka ya 1950, na mwaka 1959 akawa miongoni mwa mawaziri wa kwanza wa kuchaguliwa Tanganyika. Miongo minne baadaye, katika Bunge la mwaka 2000 hadi 2005, alikuwa Mbunge wa Karagwe na wakati huo huo Waziri wa Ushirika na Masoko. Hali kama hiyo ilirudi kwa Innocent Bashungwa, aliyechaguliwa kuwa Mbunge wa Karagwe mwaka 2015, akawa Naibu Waziri wa Kilimo mwaka 2018, na tangu mwaka 2019 akashika wizara mbalimbali. Kwa wapiga kura, kuwa na Waziri ni fahari na njia ya kufikisha shida zao. Lakini Waziri hasimami Bungeni kumwuliza Waziri mwenzake. Karagwe inapokuwa na sauti katika Baraza la Mawaziri, hupungukiwa sauti katika kipindi cha maswali, na swali lake hulazimika kubebwa na Mbunge wa Kyerwa, wa Viti Maalumu au wa jimbo jirani. Mazungumzo ya ndani ya Baraza hayaandikwi katika Hansadi.

7. Nani amehesabiwa kuwa nani

Suala lililo zito kuliko yote katika eneo hili ni lile la watu. Mwaka 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda waliingia Kagera, na Karagwe nayo ilikuwa na kambi zake. Lakini uhusiano wa pande mbili za mto ni wa zamani zaidi. Zipo familia zilizofika tangu machafuko ya Rwanda ya mwaka 1959, na mwaka 1980 maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walipewa uraia wa Tanzania. Zipo nyingine ambazo hazikumbuki kufika.

Mwaka 2013 Serikali iliendesha Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, na maelfu ya watu waliotajwa kuwa wahamiaji haramu wakaondoka au wakaondolewa. Jibu la Serikali juu ya operesheni ya namna hiyo huwa na idadi. Ni hapa ndipo *ngeli* inaporudi. Idadi ya wahamiaji haramu inaweza kuwa sahihi kwa kila aliyeandikwa, na bado ikamweka ndani mzee aliyepewa uraia na kupoteza cheti, au mke wa Mnyambo aliyezaliwa ng'ambo ya mto. Swali la *wangapi* halitoshi pasipo swali la *kwa kigezo gani*.

Ugumu huo unaongezwa na ukimya wa sensa. Tangu sensa ya mwaka 1967, sensa za Tanzania hazikumwuliza mtu kabila lake. Uamuzi huo ulikuwa na hekima ya kujenga taifa, na Kiswahili kilinufaika nao. Matokeo yake ni kwamba hakuna takwimu rasmi ya wasemaji wa Kinyambo. Atlasi ya Lugha za Tanzania, iliyotolewa mwaka 2009 na mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ililazimika kutegemea makadirio. Ukimya huo humlinda mtu asibaguliwe kwa lugha yake, na wakati huo huo humnyima mtafiti idadi ya wanaoirithi. Mbunge akimwuliza Waziri kuhusu idadi hiyo, jibu la kweli litakuwa kwamba Serikali haijahesabu.

8. Haki ya kuipinga tarakimu

Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 iliweka misingi ya takwimu rasmi. Marekebisho ya mwaka 2018 yalizuia kusambazwa kwa takwimu zinazokusudiwa kubatilisha, kupotosha au kudhalilisha zile rasmi. Mwaka 2019, baada ya ukosoaji wa ndani na nje, sheria ilirekebishwa tena na masharti hayo yakalegezwa. Katika kipindi hicho kifupi tofauti kati ya mbunge na mwananchi ilionekana waziwazi. Mbunge analindwa na Ibara ya 100 ya Katiba kwa yale anayoyasema Bungeni, ingawa Kanuni zinamkataza kusema uongo na Spika anaweza kumtaka athibitishe. Mwalimu wa Kayanga aliyehesabu mwenyewe madawati ya shule yake hakuwa na kinga hiyo. Kwa mwalimu huyo, swali la mbunge lilikuwa njia pekee iliyo salama ya kuileta hesabu yake mbele ya Serikali.

Kwa sababu hiyo, namna majibu yanavyowarudia wananchi si jambo dogo. Mwaka 2016 utangazaji wa moja kwa moja wa vikao vya Bunge kupitia televisheni ya taifa ulisitishwa, ila kwa vipindi vichache, na kipindi cha maswali na majibu kilikuwa miongoni mwa vilivyobakizwa. Redio za jamii, kama FADECO ya Karagwe, zimeonyesha kwamba msikilizaji wa kijijini hufuatilia kwa makini habari ya wilaya yake. Akisikia kwamba kijiji chake kina maji, atatoka nje na kutazama bomba. Hakuna mkaguzi aliye karibu zaidi.

9. Hitimisho

Safari kutoka kamba ya Speke hadi swali la nyongeza ni safari ya watu waliopimwa kupata haki ya kumwuliza mpimaji. Kiswahili ndicho kilichoiwezesha, kwa kuwa bila hicho swali la Kyerwa lingeulizwa katika lugha ambayo Kyerwa haiisikii. Lakini lugha hiyo hiyo imezaa mafungu ya mazoea yanayoweza kumsaidia Waziri kujibu bila kujibu, na mbunge kuuliza bila kuuliza.

Wanafunzi wa Kiswahili wana nafasi yao katika jambo hili. Majadiliano ya Bunge ni hazina kubwa ya matini za Kiswahili rasmi, iliyokusanywa kwa zaidi ya miaka 60. Kuna kazi ya kuchambua vitenzi vyake, viulizi vyake, adabu zake na tarakimu zake. Sheria iliyopitishwa mwaka 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na kwa hiyo usahihi wa istilahi hautakuwa tena suala la ufasaha tu. Mkulima wa Murongo atapata au atakosa haki yake kwa tofauti ya *imetengwa* na *imetolewa*. Anayeweza kuionyesha tofauti hiyo kwa ushahidi, kutoka katika Hansadi yenyewe, atakuwa amewafanyia wabunge na wapiga kura wao kazi ambayo takwimu peke yake haiwezi kuifanya.